Damu ya kuku, mlenda na majibu ya PCR: barua zenu za mwezi huu

Mwezi uliopita niligusia kwa mistari miwili tu kwamba siku hizi homa ya matumbo ya kuku, ile tunayoiita taifodi, inaweza kusakwa kwenye damu kwa kipimo cha DNA kiitwacho PCR. Mistari hiyo miwili imenizalia barua 19. Nimechagua 6. Wengi mmeniita daktari. Nashukuru, lakini mimi ni mtu wa maabara, si daktari wa mifugo. Nimeshika pipeti, kile kifaa cha kupimia matone, miaka 27, nimestaafu, na sasa nafuga mitetea 60 hapa Kihonda, Morogoro. Dawa muulizeni daktari, mirija mniulize mimi.

Shikamoo mama. Nina kuku wa mayai 400 hapa Kibaha, wana wiki 26. Walianza kufa mmoja mmoja, upanga umepauka, kinyesi cha njano kinachoelekea kijani. Duka la dawa wakanipa OTC, antibaiotiki ya kwenye maji. Siku tatu hakuna nafuu, wakanibadilishia antibaiotiki nyingine, enrofloxasini. Siku ya sita nikaita kijana akatoa damu kwa kuku 10, ikapelekwa kupimwa DNA. Majibu: Salmonela, yaani bakteria wa taifodi, haikuonekana, wote 10. Wiki iliyofuata nikapeleka mizoga miwili maabara nyingine, wakapasua, wakaotesha bakteria, wakasema ni taifodi. Sasa nani mwongo? Na hela yangu ya PCR imekwenda wapi? – Mfugaji, Kibaha

Marahaba mwanangu, na pole kwa hasara. Mwongo hayupo.

Tuanze na kuku waliotobolewa. Barua yako haisemi ni kuku gani, ila naweza kukisia, maana nimeingia mabanda mengi na sindano mkononi. Mwenye banda huwa ananiambia, "Huyo anayesinzia muache, atafia mikononi mwako. Chukua yule mwenye nguvu." Basi damu inatoka kwa mwenye nguvu. Sasa jumlisha dawa. Dawa zako zote mbili zilipita kwenye maji ya kunywa, na kuku aliyezidiwa hanywi maji. Anajikunyata pembeni, mabawa chini, macho nusu. Wanaokunywa ni wazima na wale walioanza kuugua jana. Kwa hiyo siku zote sita ulikuwa ukiwatibu wale wale waliokuja kutolewa damu, na wale wasiokunywa ndio walioishia kuwa mizoga. Ini na uboho wa mzoga wa taifodi vina bakteria tele. Maabara ya pili ikaotesha, ikapata. Majibu yote mawili ni ya kweli, ila yanahusu kuku tofauti.

La pili ni damu yenyewe, na hapa naomba nafasi kidogo, kwa sababu ndiyo iliyoula ujana wangu.

Seli nyekundu za damu yako wewe hazina kiini. Za kuku, kama za ndege wote, kila moja ina kiini chake, na ndani ya kiini kuna DNA nzima ya kuku. Maikrolita moja ya damu yake, yaani sehemu ya elfu ya mililita, ina seli nyekundu kama milioni 2.5 hadi 3. Ukilinganisha tone kwa tone, damu ya kuku ina DNA zaidi ya mara 100 ya damu ya binadamu, na yote hiyo ni ya kuku. Unamtafuta bakteria mwenye kauzi kamoja kadogo ndani ya shehena ya kamba.

Mara yangu ya kwanza nilifuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya damu ya binadamu: maikrolita 200. Nilipotia dawa ya kupasua seli, mrija ukageuka mlenda. Sisemi kwa kupamba. Ulivutika vile vile, ukaning'inia kwenye ncha ya pipeti kama unavyoning'inia kwenye tonge la ugali. Kichujio kikaziba, mashine ya kuzungusha ikapiga kelele. Mkuu wangu wa kazi, mzee wa maneno machache, akachungulia akasema, "Umepika, sasa ule."

Tangu siku hiyo damu ya kuku natia maikrolita 5 mpaka 10, basi. Mtego wenyewe ndio huo. Chukua kuku mwenye bakteria 20 katika kila mililita ya damu. Maikrolita 10 ni sehemu ya mia ya mililita, kwa hiyo wastani wake ni bakteria 0.2: katika mirija mitano, minne haina hata mmoja. Hatujamaliza. DNA ikishasafishwa tunaiyeyusha kwenye maikrolita 100, na kwenye mashine tunatia 5 tu. Piga hesabu yote: mashine imeonja nusu maikrolita ya damu ya kuku wako. Nafasi ya kumkuta bakteria hapo ni kama 1 katika 100. Kuku anayekaribia kufa ni habari nyingine, damu yake imejaa, hata nusu maikrolita inatosha. Lakini kuku huyo ndiye yule mliyemuacha pembeni.

Ziko njia za kuutegua. Njia ninayoipenda ni ya kizamani: mililita moja ya damu unaimimina kwenye mililita 9 za mchuzi wa kuoteshea bakteria, unaiweka joto la 37 usiku kucha, asubuhi unatoa DNA kwenye mchuzi badala ya damu. Bakteria 20 wakilala humo wanaamka mamilioni. Inakula siku moja zaidi na wateja hulalamika. Faida nyingine ni kwamba bakteria mfu hazaliani, na PCR ikiachwa peke yake haijui mfu na hai. Inaweza kukupa jibu la "yupo" kwa mabaki ya bakteria ambao dawa imeshawaua. Ila hata mchuzi huo unasumbuka kama damu imejaa antibaiotiki. Ndiyo maana sampuli hutangulia dawa.

Hela yako, basi. Nusu umeitupa mwenyewe siku ile ya OTC ya kwanza. Nusu nyingine namdai aliyekuandikia "haikuonekana" bila kuongeza mstari mmoja: *damu ilichukuliwa siku ya sita ya dawa*. Haikuonekana si sawa na haipo, na mtu wa maabara anajua hilo kuliko mteja.

Cha kufanya sasa: maabara iliyootesha bado inaweza kuwa na huyo bakteria kwenye friji. Waombe kipimo cha usikivu, yaani dawa ipi inamuua na ipi anaichezea. PCR ya kawaida haikupi hilo. Inakuambia aliyeingia ni nani, haikuambii anaogopa nini. Na kuhusu enrofloxasini, ongea na daktari kabla hujauza trei hata moja. Nchi nyingi haziiruhusu kwa kuku wanaotaga mayai ya kuliwa, na Marekani waliiondoa kwa kuku wote mwaka 2005.

Shikamoo mama. Mimi ni afisa mifugo mpya, Njombe. Nilituma damu za kuku kwenye chupa zenye kifuniko cha kijani, maabara wakanirudishia kwamba "hazifai kwa PCR". Damu ni damu, tatizo ni nini? Na kweli hakuna kipimo cha DNA ambacho naweza kufanya huku huku bila mashine kubwa? – Kijana wa nyanda za juu

Marahaba. Kijani ni heparini. Inazuia damu isigande, vizuri sana, lakini inaandamana na DNA mpaka mwisho wa usafishaji na kukiziba kimeng'enya cha PCR, kile kinachonakili DNA, kisifanye kazi. Chukua zambarau, yaani EDTA, nayo ya kuzuia kuganda. Ijaze mpaka kwenye alama; chupa ya nusu ina EDTA nyingi mno kwa damu iliyomo, nayo inaleta shida yake. Igeuze taratibu mara 8 hadi 10, usiitikise kama soda. Damu ya kuku inaganda upesi kuliko unavyodhani, kwa hiyo igeuze kabla hujamuachia kuku.

Mshipa ni ule wa chini ya bawa. Nyonyoa vinyoya vichache, futa kwa spiriti, *subiri ikauke*. Vijana hawasubiri. Ngozi ya kuku ina mavumbi ya kinyesi, na sindano ikiyapitia unaleta maabara Salmonela ya sakafuni halafu unasema imetoka kwenye damu. Mililita 1 au 2 zinatosha. Weka kwenye boksi la barafu, chupa isigusane na barafu, usigandishe. Namba ya kuku andika kwa penseli juu ya plasta. Wino wa kalamu ukikutana na maji ya barafu unabaki na chupa 20 zisizo na wenyewe.

Kuhusu kipimo cha huku huku: ipo njia inaitwa LAMP, Wajapani waliitangaza mwaka 2000. Haitaki mashine ya kupandisha na kushusha joto. Inafanya kazi kwenye joto moja la kama 60 hadi 65, na ndani ya saa moja unapata jibu, mara nyingi kwa kubadilika rangi. Kwa nadharia birika na kipimajoto vinatosha. Nimeijaribu. Ni nyepesi kuharibika kwa uchafu kuliko PCR, na kwenye ofisi ya kata yenye dirisha wazi ningeogopa kutoa jibu. Tuma tu maabara kwa sasa.

Hujambo Mama? Mimi hufuga pande za Kilifi. Niliwadunga kuku wangu chanjo ya taifodi wakiwa wa wiki 16, na siku 12 baadaye mnunuzi akataka wapimwe damu kwa DNA kabla ya kuwachukua. Kuku 2 kati ya 8 wakapatikana na Salmonela. Mnunuzi amekataa, na jirani asema chanjo ndiyo iliyoleta maradhi. – Mama wa Kilifi

Sijambo, dada yangu. Usigombane na jirani kabla hatujaangalia karatasi. Tafuta pale palipoandikwa jina la jeni iliyopimwa. Nina hakika karibu yote utakuta *invA*.

PCR haiangalii damu ikakueleza ilichokiona. Inaulizwa swali moja kwa vipande viwili vifupi vya DNA vinavyoitwa praima, na inajibu hilo hilo. Praima za *invA* zinauliza: kuna Salmonela yoyote hapa? Na chanjo ya taifodi inayotumika huku kwetu, 9R, ni Salmonela. Ni ile ile Salmonela Gallinarum, iliyodhoofishwa, na iko hai; mtafiti H. Williams Smith aliieleza Uingereza mwaka 1956 na mpaka leo tunaidunga. Umewadunga kuku bakteria hai, siku 12 baadaye ukauliza kama wana bakteria. Wamejibu ndiyo, na wamesema kweli.

Kuna praima nyingine zinazotenganisha 9R na bakteria wa mitaani, kwa kuwa chanjo ina hitilafu kwenye jeni moja ambayo wa mitaani hana. Uliza maabara kama wanazo. Kama hawana, mnunuzi asubiri wiki kadhaa, kisha wapimwe upya, na kwenye fomu mwandike tarehe ya chanjo kwa herufi kubwa. Fomu nyingi zina kisanduku hicho na wengi hukiacha kitupu.

Ila nisikufurahishe mno. Jibu hilo halithibitishi kwamba ni chanjo. Limeshindwa tu kutofautisha. Kama kundi lilishaambukizwa kabla ya kudungwa, 9R haitibu. Na kuku aliyepona taifodi akabaki kuibeba ni mgumu kumnasa kwa damu, kwa sababu bakteria wanajificha kwenye ini, bandama na kwenye vifuko vya mayai, damu ikabaki safi. Huyo tunamtafuta kwa kingamwili: tone la damu na tone la dawa ya zambarau juu ya kigae cheupe, unachanganya, na ndani ya dakika 2 unaangalia kama vimeshikana chenga chenga. Ni kipimo cha kizamani na cha bei nafuu, na kwa kazi hiyo kinaishinda PCR.

Mke wangu amesikia kuku wetu wana taifodi, amekataa mayai na amenihamishia sahani yangu. Nitaambukizwa? – Mume mwenye njaa, Tabata

Taifodi ya watu ni Salmonela Typhi, ya kuku ni Salmonela Gallinarum. Majina yanafanana, bakteria ni wawili. Huyu wa kuku ni nadra sana kumsumbua mtu. Lakini mkeo hajakosea: zipo Salmonela nyingine, kama Enteritidis na Typhimurium, zinazokaa kwa kuku bila kelele na zinaangusha watu. Yai lichemke mpaka kiini kigande, na mayai ya siku za dawa msile. Sahani mwombe mwenyewe.

Shikamoo Mama. Nafanya utafiti wa mwaka wa mwisho kuhusu kipindupindu cha kuku. Natafuta jeni ya kmt1 ya Pasteurella multocida, bakteria wake, kwenye damu; kwenye jeli mstari unatakiwa kutokea kwenye urefu wa jozi 460 za herufi za DNA. Unatokea. Shida ni kwamba unatokea hata kwenye mrija niliotia maji matupu. Msimamizi anasema rudia. Nimerudia mara 7. Nimeanza kuota mistari. – Mwanafunzi

Marahaba mwanangu. Acha kurudia. Kila ukirudia unaongeza uchafu.

Kary Mullis alipobuni PCR mwaka 1983, kazi iliyompa tuzo ya Nobel mwaka 1993, alitupatia mashine ya kurudufu. Mzunguko mmoja: joto la 94 hivi, nyuzi mbili za DNA zinaachana, linashuka karibu 60, praima zinakaa mahali pake, linapanda 72, kimeng'enya kinaandika nakala. Kimeng'enya chenyewe asili yake ni bakteria wa chemchemi za maji moto za Yellowstone, ndiyo maana hakiivi. Mizunguko 30, kila mmoja ukizidisha mara mbili, kipande kimoja kinakuwa 1,073,741,824. Sasa fungua hicho kimrija mezani. Kifuniko kinafanya *tik*, na unyevunyevu usioonekana unaruka. Ndani ya unyevu huo mna nakala maelfu za kitu kile kile utakachokuwa unakitafuta kesho.

Nikusimulie yangu. Katika maabara niliyokuwa wakati huo, wiki tatu nzima maji yetu yalikuwa na Salmonela. Tulibadilisha maji, praima, kimeng'enya. Tukamlaumu fundi wa umeme. Ubaya ni kwamba kabla ya hizo wiki tatu, kuna siku nilikuwa sijaweka mrija wa maji kabisa, ili kuokoa vitendanishi, na majibu ya wafugaji wanne yakatoka. Wote "wanayo".

Mwishowe nikachukua pamba za vijiti, nikazilowesha, nikapangusa kila kitu: mpini wa friji, pipeti zote, kiti, kitasa, koti langu, simu. Kila pamba nikaipima kama sampuli. Mpini safi. Pipeti safi. Simu safi, jambo lililonishangaza. Vilivyowaka ni viwili: mkono wa kulia wa koti langu, na kalamu. Kalamu ya kuandikia namba za mirija, moja, nyeusi, ya thamani ya soda. Ilikuwa ikitoka chumba cha jeli, ambako mirija iliyokwisha kupikwa hufunguliwa, inaingia nayo chumba cha kuchanganyia dawa, imechomekwa kwenye mfuko wa koti.

Niliwapigia wale wafugaji wanne. Watatu walikuwa bado wanangoja. Wa nne, mama mmoja, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema alikwisha chinja mitetea 60 na kuiuza bei ya kutupa. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Kwa hiyo walikuwa wazima?" Sikuwa na jibu, maana damu yenyewe ilikuwa imekwisha. Mitetea ninayofuga leo ni 60. Watoto wangu wanadhani ni bahati nasibu.

Basi wewe fanya hivi. Chumba cha kuchanganyia na chumba cha kufungulia mirija viwe viwili, na mtu atembee upande mmoja tu kwa siku: ukishaingia kwenye jeli, hurudi kwenye dawa mpaka kesho. Kila chumba kiwe na koti lake, pipeti zake na *kalamu yake*, ifungwe kwa uzi mezani kama ya benki. Futa meza kwa jiki iliyochanganywa na maji. Spiriti inaua bakteria lakini DNA inaiacha ilivyo, jiki ndiyo inayoikata. Gawa praima mpya na maji mapya kwenye vimrija vidogo vidogo, uvitupe vikiisha. Kisha endesha maji matupu, mirija 8, bila sampuli hata moja. Ikitoka safi siku mbili mfululizo, ndipo urudi kwenye damu.

Na ukirudi, weka pia mrija unaotafuta jeni ya kuku mwenyewe. Kuku lazima aonekane, damu yake imejaa DNA. Kama naye haonekani, ujue himoglobini imeingia kwenye DNA yako na kukifunga kimeng'enya. Punguza makali mara 10 kwa maji ujaribu tena. Bila mrija huo, utaandika kwenye ripoti kwamba hakuna ugonjwa kumbe hakuna kipimo.

Salaam mwanangu. Mimi ni mzee wa miaka 74, Singida. Nilikuwa na kuku wa kienyeji 34. Kwa siku nne wamebaki 6. Wanaharisha kijani, wengine shingo zinapinda kama wanatazama nyuma. Mabata yangu hayana neno. Mjukuu wangu amesoma gazeti lenu, anataka tutoe damu tupeleke Dar kwenye DNA. Tutafute nauli? – Mzee wa kuku

Shikamoo mzee wangu. Pole sana, kuku wa Singida tunawajua, na 28 kwa siku nne si jambo dogo.

Nauli msitafute kwanza. Mjukuu ana moyo mzuri, ila kipimo anachokitaka kinauliza swali la bakteria, na hicho unachonieleza, shingo kupinda, kufa kwa kasi namna hiyo, mabata kusalimika, kinanukia mdondo. Mdondo ni kirusi, na hata DNA hana, yeye ana RNA. Mngefika Dar, mngelipa, mngepewa jibu safi kabisa la "hakuna bakteria", mkarudi nyumbani mkiwa na furaha na wale 6 wakafa.

Hata hivyo kunukia si kuthibitisha, na kipindupindu cha kuku nacho huua ghafla, tena huyo ni bakteria wa damu hasa. Kumtenga huyo hakuhitaji PCR. Tone la damu ya kuku aliyekufa sasa hivi, likapakwa kwenye kioo, likakaushwa, likatiwa rangi, chini ya hadubini Pasteurella huonekana vijiti vifupi vyenye rangi ncha mbili na katikati peupe, kama pini ya kufungia nepi. Kazi ya nusu saa. Nimefundisha vijana waliomtambua siku ya pili.

Kwa hiyo mjukuu aende kwa afisa mifugo leo hii, kwa sababu mdondo ni ugonjwa wa kutolewa taarifa, na majirani zako nao wana kuku. Wale 6 wasitoke, wasiuzwe, wasipelekwe kwa ndugu. Najua watu watakuambia uza haraka kabla hawajafa. Kuchanja sasa hakutawasaidia walioambukizwa tayari. Mkishatulia na kuleta kuku wapya, chanjo ya tone la jicho, ile inayostahimili joto ambayo Wakala ya Maabara ya Veterinari inaitengeneza Kibaha, mrudie kila baada ya miezi mitatu bila kungoja kiangazi.

Afisa akisema mizoga itumwe maabara, ichaguliwe miwili iliyokufa siku hiyo hiyo, kila mmoja ndani ya mifuko miwili, kwenye ndoo yenye barafu na kifuniko cha kukaza. Isigandishwe. Na mjukuu akipanda gari na ndoo hiyo, mwambie asikubali konda aiweke juu ya mizigo kwenye jua. Aikalie miguuni mwake mpaka afike.